Barabara Nayo Ina Kodi Yake: Niliyojifunza kwa Kuuza Viatu vya Mtumba Dar es Salaam

Nilianza kuuza viatu vya mtumba Machi 2017, nikiwa na mtaji wa sh. 180,000 na imani moja kubwa, kwamba nimepata biashara isiyolipiwa pango. Nilikuwa na umri wa miaka 24, mkataba wangu wa kupakua mizigo katika ghala moja ulikuwa umekwisha, na chumba nilichopanga Buguruni kilikuwa kinadaiwa mwezi mmoja. Katika fedha hizo, sh. 80,000 zilikuwa akiba yangu na sh. 100,000 nilikopeshwa na dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani kwetu Nachingwea. Hakunitaka riba wala tarehe ya kulipa. Aliniwekea sharti moja tu: kila nitakachonunua, kuuza au kulipia, nikiandike. Sharti hilo nililipuuza kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya haya ninayosimulia ni gharama ya kulipuuza.

Anayetaka viatu vya mtumba kwa bei ya kuuzia huenda soko la Karume, Ilala, kabla jua halijachomoza. Magunia hufunguliwa kwa mwanga wa taa na tochi, na wachuuzi huwa wamekwisha kulizunguka gunia kabla kamba haijakatwa, kwa kuwa pea nzuri hazidumu pale hata dakika tano. Siku ya kwanza sikuwa na tochi, nikategemea mwanga wa simu, na kwa hofu ya kupitwa nikawa nakamata chochote kilichong'aa. Nilinunua pea 22 kwa wastani wa sh. 6,000. Zilizobaki, sh. 48,000, zilinunua turubai la sh. 8,000 pamoja na mswaki, sabuni ya unga, rangi na gundi kwa sh. 10,000, kisha nikabaki na sh. 30,000 za nauli na chakula hadi mzunguko uanze.

Katika zile pea 22 kulikuwa na raba nyeupe ambayo ungeapa kwamba haijawahi kukanyaga ardhi. Niliiuza siku ya pili kwa sh. 15,000, nikajiona nimezaliwa kwa kazi hii. Baada ya siku tatu mteja alirudi, soli ameishika mkononi na kiatu kimo katika mfuko wa rambo. Hakugomba. Alisema tu, "Kaka, hebu tazama ulichoniuzia," akaibana ile soli kwa vidole viwili, nayo ikameguka kama mkate wa juzi.

Kumbe kiatu nacho hufa bila kuvaliwa. Kuna soli zilizotengenezwa kwa povu gumu ambazo, zikikaa miaka mingi kabatini na kisha kusafirishwa na kuhifadhiwa katika joto na unyevu, huoza kuanzia ndani huku sehemu ya juu ikiendelea kuonekana mpya. Nilikuwa nimebeba pea sita za namna hiyo, maana yake nilikuwa nimetupa sh. 36,000 kabla sijamaliza wiki. Tangu hapo siinunui raba kabla ya kuibonyeza soli ubavuni kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama na alama ikabaki, au kidole kikitoka na unata, nairudisha hata kama inang'aa namna gani. Baada ya hapo naikunja katikati ili nione kama kuna ufa unaofunguka, nauinua ulimi wa kiatu kutazama mshono, na mwisho nalinganisha namba za viatu vyote viwili, kwani si mara moja nimekuta mguu wa kulia ni 42 na wa kushoto ni 43. Yule mteja nilimrudishia fedha zake zote, ingawa siku hiyo nilikunywa uji tu hadi jioni. Baadaye aliniletea wateja watatu kutoka kazini kwake. Wakati ule sikuwa na hakika kama nilifanya busara au nilikuwa mwoga tu wa kugombana hadharani.

Mahali pangu pa kwanza palikuwa pembeni mwa kituo kimoja cha daladala ambacho sitakitaja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba njia ya waenda kwa miguu haina mmiliki, lakini kila hatua mbili zake zina mwenyewe. Nilitandaza turubai langu mahali palipokuwa wazi, na kabla ya saa mbili asubuhi akatokea mama mmoja anayeuza mitandio, akaniambia kwa upole kwamba hapo ni pake tangu mwaka 2009, na kwamba alikuwa amechelewa tu kwa sababu ya mgonjwa. Wenzangu wote walimuunga mkono. Mtu mgeni asianze kwa kutandaza. Aanze kwa kuuliza, na aulize kwa mama ntilie, maana ndiye anayejua nani anakaa wapi, nani amesafiri na nani anadaiwa. Huyo ndiye aliyenipatia nafasi ya mita moja na nusu kwa masharti kwamba nisimzibie jiko.

Turubai la mchuuzi anayekaa pasiporuhusiwa lina ufundi wake. Hutobolewa matundu kwenye pembe nne na kupitishwa kamba, ili kelele za kwamba mgambo wanakuja zikisikika, uvute mara moja na lote ligeuke gunia begani. Niliweza kufunga kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za kiatu kimoja. Hata hivyo, mbio si mpango wa biashara. Julai 2018 nilikuwa nimeenda chooni, na niliporudi turubai langu lilikuwa limekwisha pakiwa kwenye gari. Pea 14 zilikwenda. Nilifuatilia siku mbili, nikaambiwa nilipe faini, nikalipa sh. 50,000 nikapewa risiti, kisha nikakabidhiwa gunia lenye viatu 17. Sikusema pea 17. Nimesema viatu 17, vingine vikiwa vya mguu mmoja mmoja. Nilipata pea tano kamili.

Nilikaa ukingoni mwa mtaro nikiwa na lile gunia, na kwa mara ya kwanza nililia mbele ya watu. Aibu ya kulia ilinisumbua kuliko hasara yenyewe. Mzee mmoja fundi viatu aliyekuwa jirani ndiye aliyeninyanyua, na ndiye aliyenifundisha kufunga kila pea kwa kamba zake zenyewe muda wote inapokuwa mezani, ili hata ikichukuliwa ichukuliwe nzima. Nilijifunza pia kutoweka mali yote mezani: theluthi moja inaonekana, iliyobaki iko stoo. Aliyechukuliwa theluthi moja anaamka kesho. Aliyechukuliwa vyote hurudi kijijini, nami niliona watu wawili wakirudi.

Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyoanzishwa na Rais John Magufuli, kwa sh. 20,000 kila kimoja. Nilikuwa miongoni mwa waliopanga foleni wiki za mwanzo, na nikiri kwamba siku nilipokivaa shingoni nilitembea kifua mbele. Kwa kuwa sasa sikuwa na haja ya kukimbia, nilihamia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako wateja wako maradufu. Jina Kariakoo lenyewe, kwa asiyejua, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kubeba mizigo hapo hatukukuanzisha sisi. Hata neno machinga, tunaloitwa sisi wachuuzi wa mitaani, lina mabishano yake. Wapo wanaosema ni Kiingereza kilichopindwa cha vijana wanaotembea, na wapo wanaolihusisha na Wamachinga wa kwetu Lindi, ambao ni kabila. Mimi wa Nachingwea nilitaniwa kwa yote mawili.

Kile kitambulisho nilikielewa vibaya kwa namna mbili, na nadhani sikuwa peke yangu. Kwanza, kilikuwa cha mtu ambaye mauzo yake ghafi hayazidi sh. milioni 4 kwa mwaka. Mimi nilisikia "milioni 4" nikadhani ni faida. Pili, kilinitambua mimi, hakikunipa mahali. Hakuna popote kilipoandikwa kwamba mwenye nacho anaruhusiwa kukaa mbele ya mlango wa duka la mtu au juu ya njia ya waenda kwa miguu. Tulikuwa tumesikia jinsi Rais, Desemba 2016, alivyozuia kuondolewa kwa wamachinga katikati ya Jiji la Mwanza, tukaunganisha lile tamko na hii kadi, tukajijengea haki ambayo haikuwa imeandikwa kwenye karatasi yoyote. Mtu anayepewa kitambulisho, leseni au stakabadhi ya aina yoyote aisome mara mbili, kisha aulize jambo moja: karatasi hii inasema nini kuhusu mahali?

Nilifika hesabu ya mauzo kwa bahati tu. Februari 2019 dada yangu alikuja Dar es Salaam kununua vitambaa, akapita kwangu Mtaa wa Kongo, akasimama kando kama saa nzima akinitazama nikiuza. Kisha akauliza nimepata faida kiasi gani mwezi uliopita. Nilimwambia biashara inaendelea vizuri. Akauliza tena swali lilelile kwa maneno yaleyale. Jioni hiyo alininunulia daftari la kurasa 96 na kalamu mbili, na kwa aibu nikaanza kuandika.

Mwezi wa kwanza wa daftari ulinifumbua macho. Nilizoea kusema kwamba kiatu nimekinunua sh. 6,000, nimekiuza sh. 11,000, faida ni sh. 5,000. Daftari likaonyesha kwamba kila pea inakula kama sh. 500 za sabuni, rangi, gundi na fundi, na kwamba siku moja ya kukaa Kariakoo ina bei yake: nauli ya kwenda na kurudi sh. 800, stoo ya usiku sh. 1,000, mlinzi sh. 500, choo mara mbili sh. 400, chai na chakula cha mchana sh. 3,000, maji sh. 500, na mifuko ya wateja na vidude vingine kama sh. 1,000. Jumla ni sh. 7,200 kabla sijauza hata kamba ya kiatu. Nilipozidisha kwa siku 26 za kazi nikapata sh. 187,200 kwa mwezi, wakati chumba changu cha Buguruni nilikipanga kwa sh. 50,000. Ile barabara niliyoiita ya bure ilikuwa inanitoza karibu mara nne ya kodi ya nyumba, ila ilikuwa inanitoza kwa mia mia na elfu elfu, nami sikuwa nasikia maumivu. Mtu atasema kwamba chakula ningekula hata nyumbani. Kweli, lakini nyumbani ningekula kwa nusu ya bei.

Nilikuwa nauza wastani wa pea nne kwa siku, yaani mauzo ya sh. 44,000, na baada ya kutoa kila kitu nilibaki na sh. 10,800. Si haba; ni zaidi ya nilichokipata ghalani. Lakini mauzo hayo kwa mwaka yalizidi sh. milioni 13, mara tatu ya kiwango cha kitambulisho nilichokuwa nakivaa kwa mbwembwe. Nililala vibaya wiki hiyo. Ninavyoona mimi, kiwango kile kiliwekwa bila kumtazama mtu anayeuza bidhaa ya bei kubwa kwa faida ndogo, maana muuza viatu na muuza karanga wenye faida sawa wana mauzo yasiyolingana hata kidogo. Hilo haliondoi ukweli kwamba mimi niliingia bila kuuliza.

Mwenye duka niliyekaa mbele yake alikuwa na uhusiano nami ambao sijui niuiteje. Mchana alilalamika kwamba nimemzibia mlango na kwamba yeye analipa kodi ya pango, leseni na mapato ilhali mimi nalipa sh. 20,000 kwa mwaka, na alikuwa na haki ya kulalamika. Jioni alitoa katoni za soksi na kuwagawia vijana waliokaa nje wamuuzie bila risiti. Duka na meza iliyo mbele yake mara nyingi ni biashara moja yenye nyuso mbili, na anayezungumzia wamachinga bila kuligusa hilo hajakaa Kariakoo.

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima. Rambo tulizokuwa tunazipata kwa bei ya kutupa zikatoweka, na mifuko mbadala ikaanza kununuliwa kwa mia kadhaa kila mmoja. Wengi wetu tuliendelea kuitoa bure kwa kuogopa kumkera mteja. Mimi nilianza kumuuliza mteja kama anahitaji mfuko, na zaidi ya nusu walisema wana mkoba. Ni jambo dogo, lakini nisingeliona kama nisingekuwa naandika.

Sasa nisimulie kosa kubwa kuliko yote, nililolifanya nikiwa na daftari mfukoni. Desemba 2019 nilitaka kujaza mzigo wa Krismasi, na ndugu mmoja wa kijiweni akanipeleka kwa wakopeshaji wa mikopo tunayoiita kausha damu. Niliandikiwa sh. 300,000, nikakatwa sh. 15,000 za fomu, nikaondoka na sh. 285,000. Marejesho yalikuwa sh. 13,000 kila siku kwa siku 30, Jumapili ikiwemo, yaani sh. 390,000. Dhamana ilikuwa godoro langu, televisheni ndogo na namba za simu za ndugu watatu.

Tazama hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu mimi sikuitazama. Faida yangu ya siku ilikuwa sh. 10,800 na rejesho lilikuwa sh. 13,000. Hata mwezi ungekuwa mzuri namna gani, ilinibidi niuze zaidi kuliko nilivyowahi kuuza ili tu nirejeshe mkopo, kabla ya kula. Na mwezi haukuwa mzuri. Mvua za mwisho wa mwaka huo zilipita kiasi, Jangwani pakajaa maji mara kwa mara, na Mtaa wa Kongo ukawa tope. Kiatu cha mtumba kikilowa mezani hupoteza umbo na kuanza kunuka, kwa hiyo siku ya mvua ni siku ya kukaa na mali imefunikwa. Nilipeleka marejesho siku tisa za mwanzo kutokana na mauzo, na baada ya hapo nikaanza kulipa kwa mtaji wenyewe, nikiuza kwa sh. 5,000 kiatu nilichokinunua kwa sh. 6,000. Siku ya ishirini na mbili walimpigia simu mama yangu mzazi Nachingwea, wakamweleza kwamba mwanawe ni mwizi. Mama hakunigombeza. Alituma sh. 40,000 alizouza korosho, na sauti yake kwenye simu ile ndiyo gharama ambayo sijaipatia safu ya kuiandika.

Mkopo niliumaliza Februari 2020, nikiwa nimebaki na pea tisa. Anayefikiria mkopo wa rejesho la kila siku aweke namba mbili tu kwenye karatasi, faida yake halisi ya siku na rejesho la siku. Ya pili ikikaribia nusu ya ya kwanza, aache. Kilichonirudisha kwenye mstari ni kikoba cha wauzaji 15 wa mtaa wetu, ambako tuliweka hisa za sh. 5,000 kila wiki, na mwanachama aliruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yake kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Fedha zilikuwa kidogo na vikao vilichosha, lakini mvua ikinyesha wote tulikuwa tunailowa.

Septemba 2021 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipowaagiza viongozi wa mikoa wawapange wamachinga katika maeneo rasmi kwa utaratibu usio na vurugu. Dar es Salaam tulipewa muda, kisha muda ukasogezwa hadi Oktoba 30. Mimi niliichukulia ile nyongeza kuwa dalili kwamba hawataweza. Tulikuwa wengi mno, tulisema, na vitambulisho tunavyo. Wenzangu wanne waliondoka mwanzoni mwa Oktoba kwenda katika soko tulilopangiwa, wakachagua meza zilizo karibu na lango la daladala. Mimi nilikwenda Novemba 2, siku tatu baada ya mtaa kusafishwa, nikapata nafasi ya nyuma kabisa, karibu na ukuta, baada ya wauza ndoo. Kujenga kibanda cha mbao na bati kulinigharimu sh. 120,000. Katika wiki ya kwanza niliuza pea mbili.

Lililoniuma pale halikuwa soko kuwa baya. Lilikuwa na choo safi, mwanga na mlinzi. Tatizo ni kwamba mchuuzi wa barabarani hatafutwi. Yeye ndiye anayejiweka kwenye njia ya mtu anayewahi gari. Mtu akiamua kwenda sokoni kununua kiatu, huwa amekwisha kuwa mteja wa aina nyingine, mwenye muda wa kuzunguka meza kumi na kulinganisha bei. Waliopanga masoko yale walihesabu meza, na nadhani walipaswa kuhesabu miguu inayopita kwanza.

Kilichoniokoa kilikuwa katika kurasa za mwisho za daftari. Wateja wengi huwa wanauliza namba fulani ambayo haipo, "Ukipata moka nyeusi 44 nishtue," nami nilikuwa nimezoea kuandika jina, namba ya simu na namba ya mguu. Nilikuta wateja 63. Nilimtumia kila mmoja ujumbe wake mwenyewe, nikimtajia namba ya mguu wake, kwa sababu ujumbe wa jumla watu huupita. Walijibu 19, na ndani ya siku kumi niliuza pea 11. Kuanzia hapo nikawa napiga picha kila alfajiri nikiwa bado Karume, naziweka kwenye WhatsApp, mteja analipa kwa simu na bodaboda anapeleka. Picha ya kiatu iwe na soli yake. Mteja wa mtumba anayeonyeshwa soli kabla hajaiomba habishani sana bei.

Kisha Jumapili ya Januari 16, 2022 soko la Karume likateketea kwa moto. Mzee mmoja ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akinipa viatu kwa mali kauli alipoteza kila kitu, magunia, fedha za siku na daftari lake la wadeni. Wiki hiyohiyo nilimkuta amesimama nje ya uzio, koti lake limejaa majivu, akiwauliza watu kama wanakumbuka walichokuwa wanadaiwa. Wengine walikumbuka, wengine hawakukumbuka. Nilimwamkia, nikafungua daftari langu, nikamwonyesha mstari wa Januari 12: pea 14, sh. 85,000, bado. Alichukua muda mrefu kuusoma. "Mdogo wangu," akasema, "hili nililisahau kabisa." Nilimlipa kwa awamu tatu hadi Machi. Sikufanya hivyo kwa utakatifu. Nilijua kwamba akisimama tena nitahitaji gunia lake. Tangu aliposimama, akipata mzigo mzuri mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu.

Mwaka 2023 kikundi chetu cha vijana watano tulijiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wana 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, nao hauna riba. Tuliandika katiba, tukafungua akaunti, tukakusanya mihtasari, na Aprili mikopo hiyo ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe. Ilirejea mwaka uliofuata. Sikujutia maandalizi, kwa kuwa katiba na akaunti vilevile ndivyo tulivyovitumia kupanga fremu moja ya duka kwa watu watatu kwa sh. 240,000 kwa mwezi. Sehemu yangu ni sh. 80,000. Nina namba ya mlipakodi na leseni, na wakati wa makadirio daftari linanisaidia, maana sheria ya kodi humtofautisha mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu na asiyetunza.

Baadhi ya wenzangu wamerudi barabarani. Siwalaumu, muuza karanga hawezi kupanga fremu, na mtu mwenye watoto watatu hawezi kungoja miezi minne soko lichangamke. Kwangu mimi hesabu inasema nibaki. Nauza pea tatu kwa siku badala ya nne, ila silipi stoo, mlinzi wala choo, nakula chakula ninachotoka nacho nyumbani, na sijakimbia na turubai tangu 2018.

Deni la dada nililipeleka mwenyewe Nachingwea Desemba 2023, sh. 100,000 katika bahasha. Aliiweka juu ya cherehani bila kuihesabu, akaniomba madaftari. Nilikuwa nayo yote manne kwenye begi. Alianza ukurasa wa kwanza, wa Februari 2019, akasoma kwa kidole mistari kadhaa, kisha akarudi kwenye jalada, akageuza nyuma na mbele, akaniuliza mwaka 2017 na 2018 viko wapi.